Kubadili Utaratibu wa Kazi au Kutoa Mafunzo: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi

Mwongozo huu ni wa msimamizi ambaye ameshawapeleka wafanyakazi wake semina mara moja au mbili, akalipia ukumbi, chakula na vyeti, na baada ya mwezi akayakuta makosa yaleyale yamerudi. Ni wa yule mwingine pia, aliyebadilisha fomu zote na kuhamisha meza, kisha akagundua kwamba watu wake hawakuwahi kufundishwa jambo lenyewe tangu waajiriwe. Wote wawili walijitahidi, ila walichagua dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Mifano mingi nitaitoa katika ghala la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, ambako niliwahi kusimamia utoaji wa mizigo. Wateja walikuwa wakirudisha bidhaa karibu kila siku: aliyelipia saruji ya daraja la nguvu la 42.5 amepakiliwa ya 32.5, aliyeomba mabati manene, yaani ya geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), amepewa ya geji 30. Uongozi uliamua kwamba wafanyakazi hawako makini, ukatupeleka sote semina ya siku mbili ya huduma kwa mteja. Katika siku hizo mbili hakuna aliyetuuliza mzigo unatokaje ghalani hadi getini.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari la makosa la wiki mbili hadi nne, lenye safu za tarehe, saa, bidhaa, kosa lenyewe, mahali lilipotokea na aliyekuwa zamu.
- Nakala 20 za fomu zilizokwisha kujazwa na kutumika. Fomu tupu haitakusaidia, kwa sababu shida hujificha katika mwandiko, katika nafasi finyu na katika visanduku vinavyorukwa.
- Saa ya mkononi, penseli na karatasi kubwa ya kuchorea njia ya kazi.
- Muda wa saa 8 wa kukaa mahali pa kazi, uliogawanywa katika asubuhi, jioni na siku za mwisho wa mwezi.
- Ahadi ya maandishi kutoka kwa uongozi kwamba majina yaliyomo katika daftari hayatatumika kumwadhibu mtu.

Hitaji la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloamua kama utapata ukweli. Mtunza ghala akijua kwamba kila kosa analoliandika litakatwa katika mshahara wake, ataandika makosa mawili kwa mwezi, nawe utafanya uamuzi mkubwa kwa kutegemea daftari la uongo. Usipoipata ahadi hiyo, simama hapa kwanza uifuatilie.

## Hatua ya 1: Andika tatizo kwa namna inayohesabika

"Wafanyakazi wazembe" ni hukumu, na hukumu haina pa kuanzia matengenezo. Andika kosa gani, katika kazi ipi, mara ngapi, kati ya mizigo mingapi, katika kipindi gani.

Hesabu kwa kila mizigo 100, wala usitosheke na jumla. Makosa 12 katika mizigo 400 ni makosa 3 kwa kila 100. Makosa 12 katika mizigo 600 ni makosa 2. Jumla haikubadilika, lakini kazi imekuwa bora, na msimamizi anayetazama jumla peke yake atawagombeza watu waliostahili pongezi.

Kisha tenganisha makosa kwa aina. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu huyachukua makosa yote ya idara moja kama ugonjwa mmoja. Katika ghala lile, saruji na mabati yaliandikwa katika ukurasa mmoja wa "marejesho", na kwa kuwa wapakiaji walikuwa walewale, kila mtu alidhani chanzo ni kimoja. Tulipoyaweka katika safu mbili tuliona kwamba makosa ya saruji yalirundikana jioni, na ya mabati yalitawanyika siku nzima. Tofauti hiyo ndogo ilituokoa.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako tatizo kwa sentensi moja yenye namba, bila kumtaja mtu.

## Hatua ya 2: Kaa panapofanyika kazi, ufuate karatasi

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, alikuwa na desturi ya kuchora duara kwa chaki katika sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mhandisi ndani yake kwa saa kadhaa, atazame tu mpaka aone. Huna haja ya chaki, lakini unahitaji subira hiyohiyo. Chagua agizo moja, ulifuate tangu mteja anapofika kaunta mpaka gari linapotoka, na kila mkono unaoligusa uuchore katika karatasi yako kubwa.

Usiulize "kwa kawaida mnafanyaje?" Utajibiwa kama kitabu cha taratibu kilivyoandikwa. Tazama kinachofanyika, halafu uulize kuhusu ulichokiona.

Niliyoyaona mimi ni haya. Karani wa kaunta aliandika hati ya kutolea mzigo kwa kalamu ya wino, juu ya karatasi za kaboni zenye nakala tatu. Nyeupe alichukua mteja, ya njano ilikwenda kwa mhasibu, na ya waridi, ambayo ni ya chini kabisa, ndiyo iliyoletwa ghalani. Mtu aliyehitaji kusoma kwa uhakika kuliko wote ndiye aliyepewa nakala hafifu kuliko zote. Niliinua moja kuelekea mlangoni ili nipate mwanga; tarakimu ya kwanza ya aina ya saruji ilikuwa kivuli cha zambarau, na "2.5" iliyoifuata ndiyo pekee iliyosomeka. Saruji zote mbili huishia na 2.5. Mtunza ghala alikuwa akikisia, na kwa kuwa wateja wengi hununua ya 32.5, mara nyingi alipatia.

Mifuko yenyewe ya kilo 50 ilipangwa bega kwa bega, ya kampuni moja, yenye rangi zinazokaribiana, chini ya taa moja iliyowashwa kwa kuchelewa. Wapakiaji nao walilipwa kwa gari. Aliyesimama kusoma mfuko alipoteza gari, na aliyepakia bila kusoma alilipwa. Mzigo uliporudi kesho yake, aliyepakia hakuambiwa.

Onyo: usirekebishe chochote siku hiyo, hata ukiona kosa dogo lililo wazi. Ukigusa kitu leo, hutajua kesho ni nini kilicholeta mabadiliko. Jambo pekee usilolisubirishia ni hatari kwa maisha au kiungo cha mtu. Hilo lizuie papo hapo.

## Hatua ya 3: Yapitishe makosa katika maswali manne

Chukua kila aina ya kosa peke yake, uliulizie maswali haya kwa mfuatano.

Je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii sawasawa leo, kama angepewa muda, mwanga, kifaa kizima na maelezo yanayosomeka? Ikiwa angeweza, ujuzi anao, na mafunzo hayatamwongezea kitu. Ikiwa asingeweza hata katika hali hiyo nzuri, amekosa ujuzi.

Je, kosa linamfuata mtu, au linafuata saa, mahali na kifaa? Kosa linalofanywa na mgeni na mkongwe kwa kiwango kinachokaribiana limo katika utaratibu. Likiwa la watu wachache, nao wakilibeba kila wanapohamishiwa, linaelekea kuwa la ujuzi.

Je, anayekosea anajua kwamba amekosea? Mfanyakazi asiyeletewa habari za mzigo uliorudishwa hawezi kujirekebisha. Hili ni pengo la utaratibu, na mara nyingi kuliziba hakugharimu hata shilingi.

Je, anayefanya vizuri anapata hasara? Swali hili linahitaji ujasiri, kwa sababu jibu lake hugusa malipo na amri za wakubwa. Pale ambapo haraka inalipwa na uangalifu haulipwi, watu wazima wenye familia watachagua haraka, na sioni haki ya kuwalaumu.

Dalili kwamba umeielewa hatua hii ni kuona kosa moja likiangukia upande wa utaratibu na jingine upande wa ujuzi, ndani ya kundi lilelile la watu. Yote yakiangukia upande mmoja, rudia kutenganisha aina za makosa.

## Hatua ya 4: Jaribu jibu lako kwa jaribio la nusu saa

Usiamini maswali peke yake. Kabla ya kutumia fedha, tengeneza jaribio dogo linaloondoa vikwazo vya utaratibu na kuacha ujuzi peke yake.

Kwa saruji, tuliweka mifuko miwili nje mchana, tukamwomba kila mpakiaji, mmoja mmoja, atuoneshe ya 42.5. Wote walionesha bila kusita, na baadhi walieleza wenyewe kwamba ile hupendwa kwa nguzo na zege la slabu kwa sababu ya nguvu yake kubwa zaidi. Ujuzi ulikuwepo. Semina yoyote ya saruji ingekuwa kuwafundisha watu wanachokijua.

Kwa mabati, tuliondoa lebo na kumuuliza kila mmoja: "Mteja anataka bati nene zaidi. Utampa la geji 28 au la geji 30?" Karibu nusu walijibu 30. Jibu si sahihi, kwani katika geji namba inapopanda bati huwa jembamba, lakini kosa lao lilikuwa na akili ndani yake: wengi walikuwa wametoka upande wa nondo, na nondo ya milimita 12 ni nene kuliko ya milimita 10. Waliihamisha kanuni ya nondo kwenye mabati, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewaambia kwamba huku mambo yamegeuka. Kwa hiyo mteja alipokuja bila kutaja geji na kuomba "bati nene", alipakiliwa jembamba kwa nia njema kabisa.

Onyo: mfanyie mtu jaribio faraghani. Akiulizwa mbele ya wenzake atafuata jibu la mkubwa, au ataaibika na kukuficha mengine.

## Hatua ya 5: Chagua, na upange kipi kitangulie

Jaribio likionesha kwamba ujuzi upo, badilisha utaratibu. Likionesha kwamba ujuzi haupo, fundisha. Likionesha vyote viwili katika kazi ileile, anza na utaratibu, kisha wafundishe watu utaratibu huo mpya. Ukianza kufundisha, utafundisha kazi ambayo wiki sita baadaye haipo tena. Tena mafunzo huondoka na mtu anapoacha kazi, na utaratibu mzuri hubaki unamsubiri anayekuja.

Kuna mambo ambayo hayangoji mfuatano huu. Mafunzo ya usalama ni wajibu wa mwajiri: Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Dereva wa foklifti asiyefundishwa hapaswi kuishika wakati unaendelea kuchora karatasi yako.

Mfano mzuri wa viwili hivi kufanya kazi pamoja umo ndani ya nchi yetu. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane zilizoshiriki duniani, pamoja na za London, Toronto na Manila. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale walijua kupasua. Walichoongezewa ni kituo cha dakika chache cha kuulizana kwa sauti kabla ya kuendelea.

Lakini mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hiyo ilikuwa imeingizwa. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kwamba imesaidia. Wataalamu walijadiliana sana kuhusu sababu. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba karatasi iliyoagizwa kutoka juu, bila watu kuandaliwa kuitumia, hujazwa kwa alama za vema na hakuna anayesimama kuulizana.

## Hatua ya 6 (utaratibu): Fanya kosa liwe gumu kutendeka

Kaa na wanaoifanya kazi, uwaoneshe karatasi uliyochora, uwaulize wangebadilisha nini. Sisi tulipata mawazo matatu kwa mchana mmoja, na mawili yalitoka kwa wapakiaji.

1. Nakala ya juu ndiyo ije ghalani, na aina ya saruji izungushiwe duara na karani.
2. Saruji ya 42.5 ihamie ukuta wa pili, na namba yake ichorwe ukutani kwa rangi nyekundu, urefu wa mkono.
3. Malipo ya gari lililorudishwa kwa kosa la upakiaji yasihesabiwe, na gari lililotoka salama lilipwe kidogo zaidi.

Kazi ya kupanga upya ghala si ngeni kwetu. Mfumo wa S tano, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, ulianza kutumika katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kuenea katika hospitali nyingi za Tanzania. Ukipata nafasi, tembelea stoo ya dawa inayoufuata, utazame mahali pa kila kitu panavyooneshwa.

Onyo kubwa: usiongeze saini ukadhani umebadilisha utaratibu. Hati yenye saini moja husomwa. Hati yenye saini nne husainiwa, kwa kuwa wa kwanza anamtegemea wa pili na wa nne anawaamini watatu waliomtangulia. Kila unapotaka kuongeza kisanduku, tafuta kwanza kimoja cha kuondoa.

Umefaulu pale mfanyakazi mgeni anapofanya sawasawa siku ya kwanza kwa kuongozwa na mahali penyewe, bila kuuliza.

## Hatua ya 6 (mafunzo): Fundisha jambo moja, mahali pa kazi, kwa bidhaa yenyewe

Somo la mabati lilichukua dakika 40, asubuhi kabla ya kufungua geti, na mwalimu alikuwa mpakiaji mwenzao aliyejibu sawa na kueleza sababu. Tulifuata hatua nne zilizotumika viwandani Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambazo hazijachakaa: muandae mwanafunzi, muoneshe kazi ukieleza sababu, mwache aifanye huku akikueleza wewe, kisha umfuatilie.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo. Mtu akitikisa kichwa kwamba ameelewa, bado hujui kitu. Mpe vipande viwili vya bati visivyo na lebo, avibonyeze kwa vidole, aseme kipi ni geji 28 na kwa nini. Anayeweza kueleza ataweza pia kumwelekeza mteja.

Rudia jaribio baada ya wiki mbili, bila kutangaza. Anayekosea afundishwe tena peke yake. Usiwarudishe wote darasani kwa ajili ya mmoja.

Kwa walioko Kenya, kumbukeni kwamba mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa NITA (Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda), na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa mapema. Wengi hulipa mwaka mzima bila kudai. Hata hivyo, fedha za kudai zisiwe sababu ya kufundisha jambo ambalo jaribio lako limeonesha kwamba watu wanalijua.

## Hatua ya 7: Pima tena kwa kipimo kilekile

Tumia daftari lilelile, safu zilezile na hesabu ileile ya makosa kwa kila mizigo 100. Ukibadilisha kipimo katikati, kazi yote ya awali imepotea.

Usishangilie wiki ya kwanza. Watu wanaojua wanatazamwa hufanya vizuri kwa muda. Subiri angalau wiki nne, na wiki hizo zihusishe mwisho wa mwezi, wakati mafundi wamelipwa na foleni ya kirikuu (magari madogo ya mizigo) imefika barabarani. Utaratibu unaostahimili siku hizo ndio wa kuuandika rasmi.

Makosa yasipopungua, usiongeze mkazo katika dawa ileile. Rudi Hatua ya 3, kwa kuwa huenda ulijibu swali la nne kwa kuwaogopa wakubwa.

Kwetu, makosa ya saruji yalipungua hadi kuwa ya nadra, na hayakurudi hata mtunza ghala alipobadilishwa. Ya mabati yalipungua pia, kisha mwezi wa tatu yakaibuka tena. Tulifungua daftari na kuona kwamba yote yalianza siku walipoingia wapakiaji wawili wapya, ambao hakuna aliyewapa zile dakika 40. Tangu hapo vipande viwili vya bati visivyo na lebo vinakaa katika droo ya mtunza ghala, na mpakiaji mpya huvishika kabla ya kugusa gari lake la kwanza.